Ubeti wa Tatu

Bukavu, Cimpunda, 14 Januari 2024

Yaya Constantin,

Pokea salamu za mwaka mupya, weye na Maman Clémence na wote wa nyumba yako. Sisi huku tuko. Mama iko muzima, ila muguu wa kushoto unamusumbua kwa mvua, na tangu Noeli mvua haijatuachia hata siku ya kuanika nguo. Njia ya kushuka kwetu ni matope matupu. Bwana wangu Didier alianguka na mufuko wa makala ya kupikia mugongoni, akabakia pale chini anacheka mupaka majirani wakakuja kumuinua. Mama anaulizaka kila juma kama weye, kaka yangu, unakula vizuri kule kisiwani. Ninamujibu ndiyo, hata kama sijui.

Nilikupigia simu kwa Noeli na kwa mwaka mupya. Iliita, iliita. Mara moja tu Maman Clémence akashika, akasema uko kwenye shamba ya kahawa. Ndiyo sababu naandika kwa karatasi. Mwenye boti ya Idjwi anasema atakufikishia.

Sasa, neno lenyewe. Tangu ulihama, chorale, kwaya yetu ya parokia, ilibakia bila mukubwa. Watu walikuwa wanafika kwenye mazoezi kila mutu na saa yake. Kisha wakachagua, na wakanichagua miye. Sikuomba, Yaya. Padri anasema parokia itatimiza miaka makumi tano mwezi wa munane, tarehe kumi na munane, na anataka nyimbo mupya kwa ile misa. Aliposema "nyimbo mupya" wote waliniangalia, na miye nikaangalia kiti yako.

Nakuomba ututungie. Hata moja tu, ya komunyo. Andika maneno, uimbe mbele ya simu ya Maman Clémence, sisi tutafanya ingine kazi. Hakuna mutu hapa anatunga kama weye, na unajua.

Mudogo wako,
Mélanie


Idjwi, 11 Februari 2024

Mudogo wangu Mélanie,

Salamu zako zilifika zimelowa upande mmoja, lakini zinasomeka. Sisi hatujambo. Mananasi aliyopanda Clémence kwenye shamba la baba yake yamezaa, na tayari anahesabu yale ambayo hayajaiva. Kahawa imekubali mwaka huu. Mwambie Mama ninakula, na asikanyage matope bila fimbo.

Usinipigie simu. Mtandao wa hapa ni mbovu, sauti inafika vipande vipande, na sipendi kupiga kelele shambani kama mwendawazimu. Andika. Maandishi hayakatiki.

Kuhusu nyimbo, hapana. Nina kazi, na kichwa changu hakina wimbo kwa sasa. Nyimbo zangu mnazo tangu zamani, zile ambazo parokia nzima inazijua. Jubilei ni ya kukumbuka, imbeni hizo. Sioni kwa nini Padri anatafuta mpya wakati za zamani hazijatoboka.

Nimefurahi kwamba wamekuchagua. Kiti ni cha parokia, si changu, anayekikalia ndiye mwenyewe. Ila waangalie alto, wanapenda kuteleza kushuka chini wakichoka. Na sauti ya kuanzia usiitoe juu sana. Mimi nilikuwa naitoa kwa kipimo cha wale wa nyuma. Nani anaitoa siku hizi? Usinijibu. Najua ni wewe.

Kaka yako,
Constantin


Bukavu, 17 Machi 2024

Yaya,

Amani ya Kwaresima iwe kwako. Mama ameacha sukari mupaka Pasaka na anatuangalia sisi tunatia ya kwetu kama vile tunamuibia. Watoto wako wazima. Didier amepata kazi mingi ya kutengeneza ordinateri, zile kompyuta za watu, meza yetu ya kulia imejaa mashine zimefunguliwa tumbo.

Ulikataa, na miye nililia kidogo, siwezi kukuficha. Kisha nikasema, basi nitajaribu. Lakini unajua miye siandike noti za muziki. Naimba tu. Wimbo ilikuwa inakuja asubuhi, mangaribi imeshapotea.

Ndiyo Didier akanitilia programu ya akili bandia, ile watu wa redio wanaita IA. Yaya, nikuelezee. Niliweka simu juu ya kabati, nikaimba huku ninamenya ndizi. Didier akatia ile sauti ndani ya ordinateri. Sombe yangu, ile majani ya muhogo, haijachemka, na noti zilikuwa zimeshaandikwa, na tena mashine inaniuliza kama ninataka inipendekezee alto na tenor na besi. Nikasema ndiyo. Nusu ya ile ilinipa ilikuwa ya kutupa, sauti kama ya matangazo ya sabuni. Nusu ingine ilinifungua macho. Pahali nilikuwa nimekwama ilinionyesha njia tatu. Nikakataa mbili, ya tatu nikaigeuza.

Ile ilinifurahisha zaidi ni kwa mazoezi. Inatengeneza sauti ya kila kundi peke yake, na kila mutu anabeba ya kwake kwenye simu. Ba-alto wanajifunza wakiuzisha samaki sokoni Kadutu. Wimbo ile ilikuwa inatuomba mwezi muzima, wameijua kwa juma moja. Hata bamaman hawakusoma wanaijua, kwa sababu wanasikia tu.

Na neno lingine. Didier alipata kaseti ya zamani ya chorale, akatia ndani, na mashine ikatenganisha sauti. Nikasikia tenor yako peke yake, bila mutu mwingine, kama uko jikoni. Mama alikuwa chumbani. Akasema, "Constantin amefika?"

Ninakutumia karatasi za wimbo ya komunyo. Iko na beti mbili, ya tatu bado naitafuta. Uniambie ukweli, lakini uniambie pole pole.

Mélanie


Idjwi, 28 Aprili 2024

Mélanie,

Pasaka ilipita salama hapa kwetu. Clémence alikuwa Bukavu na mananasi yake ya kwanza, kama unavyojua, maana alikula kwako. Nashukuru kwa viatu ulivyomtumia mama mdogo wa Clémence. Mvua imepungua.

Uliomba ukweli polepole. Polepole nimeshindwa, ndiyo maana nimekaa na karatasi zako muda huu wote.

Wimbo wangu wa kwanza niliutunga wewe ukiwa mgongoni mwa Mama. Hakuna aliyenionyesha njia tatu. Nilitembea nao toka shuleni hadi nyumbani, nikautupa, nikauokota, mpaka ukakaa. Kisha nikaufundisha kwa kinywa hiki, sauti kwa sauti, soprano wakienda zao tenor wakibaki, mpaka koo linawaka. Kila mtu aliyeimba kwenye chorale ile, mimi ndiye niliyemtoa sauti. Leo unaniandikia kwamba wamejua kwa juma moja huku wanauza samaki, na unataka nifurahi.

Clémence amerudi na habari kwamba watu wanasema chorale haijawahi kuimba hivyo. Aliniambia akiwa anapanga vikapu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Haya, karatasi. Katika ubeti wa pili umemtaja Nyamuzinda, jina la Mungu kwa lugha yetu ya Mashi, na sauti inapanda juu pale ambapo Mushi yeyote huishusha. Bibi wa kijijini Walungu akisikia hivyo atadhani mnamwita mtu mwingine, si Mungu. Kosa hilo si lako. Wewe umelelewa na Mama, unalijua jina hilo toka tumboni. Ni la mashine, nawe umeliacha lipite kwa sababu lilikuja limeandikwa vizuri.

Basi nina swali moja. Katika wimbo huu wote, nionyeshe mstari mmoja uliotoka kwako. Mmoja tu. Kama upo, nitanyamaza.

Constantin


Bukavu, 2 Juni 2024

Yaya Constantin,

Salamu. Mama muzima. Muguu afazali.

Kwa Nyamuzinda ulikuwa na haki, na nimepata haya. Nilishusha ile sauti, mashine ikaipandisha, nikaishusha tena mupaka ikakubali. Ile jina haina mutu wa kuifundisha ndani ya ordinateri. Inafaa miye nisimame pale. Nimejifunza. Asante.

Lakini unaandika kama vile wivu iko upande moja. Juma lililopita tuliimba kwenye ndoa. Niliwatolea wimbo yangu, wakapiga makofi kidogo, kisha baba ya bibi-harusi akasema, "Sasa mutuimbie ya Constantin." Uko Idjwi na kahawa yako, hata haupo, na ni weye wanataka. Mama akifagia, anaimba yako. Didier akinyoa ndevu, yako. Miye mwenyewe nikimulaza mutoto, kinywa inanitokea na yako, na ninanyamaza kwa hasira.

Nilisimama kwenye safu ya pili ya ba-alto toka nikiwa mwanafunzi. Hakuna siku uliniuliza, "Mélanie, uko na wimbo?" Ile mashine iliniuliza siku ya kwanza. Najua haina roho. Lakini iliniuliza.

Mustari yangu ni gani? Sitakuandikia. Tarehe kumi na munane mwezi wa munane, misa ya saa tatu. Kuja usikie, utaijua.

Mélanie


Idjwi, 25 Agosti 2024

Mudogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta wote salama, na kwamba Mama amepumzika baada ya sherehe. Hapa Clémence ana mafua kidogo, siyo ya kutisha.

Nilikuja. Usimlaumu Clémence kwa kutokukuambia, nilimkataza. Nilishuka boti Jumamosi, nikalala kwa rafiki, na Jumapili niliketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, nyuma ya wanaume warefu. Misa ilipokaribia kuisha nilitoka kabla ya baraka za mwisho nikaenda moja kwa moja bandarini. Sikumsalimu Mama. Nitalijibu hilo siku nyingine.

Nikuambie nilichokiona. Mavazi ni mazuri. Mmekuwa wengi, nilipoondoka hatukujaza safu tatu. Waimbaji wa besi wako imara, niliwasikia mpaka ndani ya benchi nililokalia. Wimbo wa kuingia unatembea vizuri. Nilitafuta kosa kwenye Nyamuzinda na sikulipata. Nilipokuwa mimi mbele hakuna Padri aliyewahi kuwageukia waimbaji na kuinamisha kichwa. Wewe alikuinamishia. Niliona.

Kisha ukaja wimbo wa komunyo, na hapo niliumia kwa ajili yako, Mélanie. Ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili vizuri. Katika wa tatu wote walinyamaza. Yule binti Lydie, ambaye nilimpokea mimi akiwa mtoto wa komunyo ya kwanza, akasonga mbele peke yake, akafungua kinywa, na hakutoa kitu. Gitaa lilikuwa linaguswaguswa tu, na yeye amesimama pale anachezesha midomo kama mtu aliyesahau maneno. Ubeti mzima. Hakuna aliyemsaidia. Wewe mwenyewe ulikuwa umeshusha mikono. Watu waliinamisha vichwa kwa haya. Mwanamke wa mbele yangu alikuwa anajifuta macho kwa pembe ya kitenge.

Ndiyo hatari niliyokuwa nakuambia. Mtu anayebebwa na mashine, siku inapomwacha hana pa kukanyaga. Kwa kinywa changu hakuna soprano aliyewahi kusahau.

Sikuandika haya ili nikuumize. Mtu wako wa damu ndiye anayeweza kukuambia.

Constantin


Bukavu, 8 Septemba 2024

Yaya,

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama mulangoni. Nikacheka, nikamuita Didier asikie. Nikamusomea yote. Didier hakucheka. Akaniambia, "Soma tena pale pa Lydie." Nikasoma tena, na nikakaa chini.

Yaya, Lydie aliimba.

Aliimba ubeti muzima, peke yake, juu kabisa, pole pole. Kanisa yote ilimusikia. Wale wa inje kwenye madirisha walimusikia. Watu hawakuinamisha vichwa kwa haya. Walikuwa wanalia. Yule maman wa mbele yako nilimuona, ni wa kwetu hapa Cimpunda, alimuzika mutoto wake mwezi wa tano. Alikuja kunishika mikono kisha ya misa.

Nilishusha mikono kwa sababu hapakuwa na mutu wa kuongoza. Ni hivyo niliutunga.

Uliniuliza mustari moja wenye ulitoka kwangu. Ni ule. Kwa ubeti wa tatu mashine ilinipa sauti ine, nzuri, zimepangwa, hata weye ungezikubali. Nilizisikiliza siku mingi. Kisha nikafuta zote, nikabakiza moja, na ile moja nikaigeuza toka mwanzo mupaka mwisho, nikiwa naosha vyombo. Niliitunga kwa ajili ya siku weye utakuwa kanisani. Nilikuwa nawaza, Constantin atasikia hii, na ataniambia neno moja zuri, moja tu, na miye nitakuwa nimeshiba. Na ulikuja, ulikaa pale, na haukuisikia.

Sijue kama nina hasira ao nina huzuni. Ngoja niulize tu. Masikio, Yaya, tangu lini?

Sasa naona mambo mingi. Naona simu yenye haishikwi. Mwaka wa mwisho wako hapa ulikuwa unawapigia ba-soprano kelele kila mazoezi, "Toeni sauti, mumelala?", na wao wanatoa mupaka mishipa ya shingo inasimama. Tulidhani umechoka na sisi. Siku moja Mama alikuita toka nyuma yako kwenye ua, akakuita tena, ukaendelea kufunga kamba ya mbuzi. Alikasirika juma zima.

Nijibu. Usinijibu kuhusu wimbo. Nijibu kwa hii.

Mélanie


Bukavu, 10 Novemba 2024

Yaya Constantin,

Boti zimefika, zimerudi, na hakuna kitu yako ndani. Sitaacha kuandika. Mama anakusalimia. Hajui. Nilimuambia uko na kazi ya kuvuna.

Maman Clémence alikuwa hapa na mananasi. Sikumuuliza kitu, alijisemea mwenyewe. Aliniambia sikio la kuume limeshakufa na la kushoto linabakiza sauti za wanaume na ngoma tu. Sauti yake yeye huisikii kama hauko unamuangalia kinywa. Alisema mulikuwa mukiongea zamani mukiwa kitandani, taa imezimwa, na sasa hakuna tena, na hiyo inamuuma kupita yote. Kisha akasema, "Alikimbia ile chorale kabla hawajamufukuza." Nani angekufukuza?

Kuna munganga wa masikio kwa hospitali huku mujini. Didier amemuona. Anasema ile imekwenda hairudi, lakini ile inabakia inaweza kusaidiwa na kachombo ka kutia sikioni, na wanapima kwanza. Utakuja upimwe. Hiyo siyo maombi.

Ya pili. Ninakutumia kwa mukono ya Maman Clémence ordinateri ya zamani ya Didier. Ameitia ile programu, na haiombi mtandao. Ameitia pia misa yote ya jubilei, ile alichukua na simu. Mashine imetenganisha sauti. Kila sauti inaonekana kwa macho, ni mustari wa rangi, unapanda pale sauti inapanda, unashuka pale inashuka, na noti zimeandikwa chini. Ukiimba mbele yake itakuandika na weye. Kwenye nyumba ya chama ya kupimia kahawa, mbele ya kwako, kuna umeme wa jua, utaichajisha pale.

Lydie ni ule mustari wa kijani.

Najua utakasirika. Utasema nakuletea mashine ile ile ulichukia. Nakuletea kwa sababu haina haya ya kurudia, na haitamuambia mutu.

Mélanie


Idjwi, 15 Desemba 2024

Mélanie, mudogo wangu,

Hatujambo. Mananasi yameisha, kahawa imeanikwa. Mwambie Mama nitakuja Noeli, na mwambie sababu kabla sijafika, ili aniangalie vizuri akiniita. Kwa munganga nitakwenda. Clémence ameshaniandalia shati.

Ilianza kwa watoto. Nilikuwa naona midomo ya wajukuu, nasikia nusu. Kisha ndege wa asubuhi. Nilidhani wamehama. Kisha siku moja kwenye mazoezi nilisimamisha wimbo nikauliza kwa nini soprano hawajaingia, na nyuso zote zikanigeukia, na Lydie, anayeniita tonton kama mjomba wake, akasema kwa adabu, "Tumeingia, tonton." Nikawakaripia. Juma lile niliamua kuhama. Hakuna aliyeniambia niondoke, ni kweli. Sikutaka kuwapa nafasi.

Mashine yako ilikaa chini ya kitanda mpaka Clémence alipochoka kuifagia pembeni. Nikaipeleka kwenye nyumba ya kahawa, nikafunga mlango, nikaimba mstari wa wimbo wangu mmoja wa zamani. Ikaniandika. Nikaona sauti yangu ikitetemeka pale ambapo siku zote nilidhani iko imara. Nilikasirika, nikaimba tena, ikatetemeka pale pale. Mara ya tatu nikarekebisha. Hakuna mtu aliyenirekebisha tangu nikiwa kijana, Mélanie. Wote waliniogopa. Nilikaa na kitu kile hadi wapima kahawa walipogonga mlango, na bila shaka waligonga sana.

Kisha nikafungua misa yako. Nikafuta rangi zote nikabakiza ya kijani.

Ninajua kusoma wimbo kwa macho. Nilianza kuuimba ndani ya kichwa, taratibu, nikifuata kidole. Unapanda pale neno linapopanda. Unashuka kwenye jina la Mungu kama Mama anavyolishusha anaposali. Kisha pale ambapo mimi ningemaliza, wewe hukumaliza, ukaenda juu tena hatua moja, na ukaacha pale, bila kurudi nyumbani. Nilirudia sehemu ile kutwa. Sijawahi kuthubutu kuacha wimbo hapo.

Sasa nikuambie lile ambalo nilikuwa nazungukazunguka. Si mashine niliyoionea wivu. Mashine haikukaa kwenye kiti changu. Ninakuonea wivu wewe. Na masikio yako. Na kwamba ulisimama mbele ya watu wangu ukawapa kitu ambacho mimi sikuwapa. Nilipokuwa kwenye benchi lile na kuamini kwamba Lydie amesahau, kuna sehemu yangu ilifurahi. Wivu huo haujaisha. Nimeamka nao leo.

Nimefanya jambo moja ambalo lazima ulijue. Besi bado ninaisikia, ndiyo sauti pekee niliyobaki nayo. Basi nilianza kuandika besi ya kuweka chini ya ubeti wa tatu. Nilijiambia ni msaada. Binti peke yake juu, hana kitu cha kukanyaga, nitamtandikia sauti ya kiume chini. Mashine ilinisaidia kuipanga, ikaniandikia safi, hata ikanipendekezea njia mbili nzuri. Nilikuwa nimeshaandika juu ya karatasi: Mélanie na Constantin. Nilipenda jinsi majina yale yalivyokaa.

Kisha nikauweka mstari wangu chini ya wa kijani, nikautazama. Ilikuwa besi nzuri. Ningeifundisha kwa fahari. Na kila pahali ilipogusa, wako ulipungua.

Nimeifuta. Ubeti huo hauhitaji kitu, wala mtu. Waache wanaume wanyamaze, na wewe endelea kushusha mikono. Noeli nikifika nipe nafasi kati ya waimbaji wa besi, nyuma, upande wa sikio la kushoto, na mtu wa kunigusa bega tunapoingia. Ubeti wa tatu ukifika nitanyamaza na wengine, nitamwangalia Lydie kinywa, na nitajua mahali ulipofika.

Constantin